Mwalimu Asiyebeba

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba vidole viwili vya mwalimu wetu viko tumboni mwa dubu. Dubu wa Ulaya, mweupe, mkubwa kama basi la Arusha. Nilijua hata ilivyokuwa. Mwalimu alipelekwa huko kusoma, akatoka asubuhi kuchota maji, dubu akamkuta juu ya barafu, wakashikana mpaka jua likapanda, na mwisho dubu akaona heri aondoke na vidole viwili kuliko kukosa vyote. Aliyenieleza ni fundi matofali niliyekaa naye dawati moja. Yeye alielezwa na nani, sikumuuliza. Habari tamu haiulizwi ilikotoka.

Na ushahidi ulikuwepo. Mwalimu alihamia kwetu Tlawi akiwa tayari hana kidole cha pete wala cha mwisho kwenye mkono wa kulia. Cha kati kilikuwepo, ila hakikukunjika. Kilisimama tu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Chaki aliibana kwa kidole gumba na cha shahada, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye vitabu. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuwa masomo yenyewe. Katika Kiingereza chote, chenye maneno mengi kuliko maharage ya wilaya nzima, mwalimu alishika neno moja, bear, akatufundisha hilo mpaka mvua za vuli zikaisha. Nikasema moyoni, mtu hawezi kung'ang'ania neno namna hii kama halijamng'ata.

Shule yetu ilikuwa ya jioni. Tuliazimwa darasa la watoto wa darasa la pili, na madawati yalikuwa ya kimo chao, kwa hiyo sisi watu wazima tulisoma magoti yakiwa masikioni. Baridi ilikuwa ya kutetemesha chaki. Mimi nilitoka kwenye pikipiki, fundi alitoka kwenye tope lake, na mama mmoja alitoka sokoni Mbulu kuuza vitunguu saumu, akaja na harufu iliyomtangulia kama tarumbeta. Sote tulitaka kitu kimoja: kuufanya mtihani wa kidato cha nne na kuacha kuitwa watu walioishia njiani.

Mwalimu alianza na kubeba. Bear ni kubeba, akaandika, tukanakili. Jioni nyingine bear ikawa kuvumilia. Kisha ikawa kuzaa: mama anazaa, mparachichi unazaa, neno lilelile. Kisha kushika njia, maana ukifika njia panda unaambiwa bear left, shika kushoto. Kisha kutoa ushahidi, kisha kuweka kinyongo. Tulipodhani limekwisha akaanza kuleta ndugu zake. Birth, kuzaliwa, ni mtoto wa bear. Burden, mzigo, ni mtoto mwingine, mtoto mzito. Barrow, lile toroli la fundi, ni binamu wa shambani. Bier, kitanda cha kumbebea maiti, ni shangazi ambaye hakuna anayefurahi akija kutembea. Hata beringi za pikipiki yangu, akaniambia, ni wa ukoo huo, kwa kuwa zinabeba uzito wa gurudumu. Tangu siku ile kila nikibadilisha beringi nilijisikia profesa.

Nikaona huu ndio wakati. Nikanyoosha mkono nikauliza dubu anaingia wapi, maana kwenye kamusi naye anaitwa bear. Macho yote yakaenda pale pasipo na vidole. Mwalimu akafuta ubao taratibu.

"Dubu si wa ukoo huu," akasema. "Jina limefanana, damu hapana."

Wengine walisikia somo. Mimi nilisikia mtu anayemkana adui yake.

Mama wa vitunguu, ambaye hakuogopa mtu, akamuuliza kama na mtihani nao utakuwa wa neno hilo moja.

"Mama, ukilijua neno moja mpaka mashemeji zake, hayo mengine yatakuja yenyewe kubisha hodi."

"Na yasipokuja?"

"Utayafuata na vitunguu vyako. Yatatoka yalipojificha."

Lakini kuna ndugu mmoja wa neno lile ambaye mwalimu alitunyima. Aliandika forbear kwenye kona ya ubao, akalitazama, akalifuta kabla hatujanakili. Akasema hilo ni la watu wazima. Mdogo kuliko wote mle darasani alikuwa na watoto wawili. Nililitafuta baadaye kwenye simu nikakuta ni kujizuia, kuacha kufanya au kusema jambo ambalo ungeweza, tena kwa haki. Nikaona halina utamu, nikalisahau.

Alikuwa na mambo yake. Alichukia uchelewaji kuliko dhambi, na yeye mwenyewe alichelewa kila jioni, kwa sababu hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia mpaka mbuzi wake. Hakuruhusu mtu aseme sijui. Ilibidi useme bado. Ukimuuliza fundi, nini maana ya hili, anajibu, "Bado, Mwalimu," na mwalimu anafurahi kana kwamba amejibiwa. Chai yake iliwekwa sukari mpaka kijiko kikasimama wima. Koti lake la kijivu lilikuwa na umri wa serikali. Hakupiga kelele, hakukopa, hakumsema mtu.

Na hakubeba kitu. Hapo ndipo watu walipomshindwa. Sisemi mzigo mkubwa, nasema kitu. Chaki ilikaa mfukoni. Vitabu alivibeba mkewe, mama mwalimu, aliyekuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba na pumzi inapiga filimbi akipanda kilima. Wanaume wengi wa kwetu wanatembea mikono mitupu na wake zao wanaelemewa, hilo si ajabu, ila kwa mtu aliyefundisha kubeba vuli nzima lilikuwa tusi. Vijana waliimba nyuma yake: anafundisha kubeba, habebi. Yeye aligeuka akawasalimia.

Yote hayo yangesahaulika kama si machela.

Kwetu upande wa bondeni gari halifiki, na masika ikishika pikipiki yangu inageuka nguruwe, inajilaza kwenye tope na kukataa kuamka. Mtu akizidiwa, yowe linapigwa. Kila mwanaume mwenye nguvu anayelisikia anaacha alichoshika, anakuja. Mgonjwa analazwa kwenye machela, miti miwili na kitanda cha kamba katikati, na anapandishwa kilima kwa mabega, watu wakipokezana, mpaka barabarani shuleni ambako gari linaweza kusubiri. Hakuna malipo. Sheria ni ya zamani kuliko zahanati: asiyekuja bila sababu anatengwa. Haazimwi moto, hasalimiwi, ng'ombe wake hawanywi pamoja na wa wengine.

Mwalimu alikuja. Siku zote alikuwa wa kwanza, na koti lake. Ila bega hakutoa. Alikwenda mbele ya machela akitembea kinyumenyume, uso kwa wabebaji, akisema maneno yaleyale mpaka tunafika. "Tazama mkono wa mwenzako, usitazame mguu wako. Aliyechoka aseme. Kusema si aibu." Nilishawahi kumwona anarudi nyuma kwenye utelezi ambao mbuzi angeuombea dua, macho yake hayabanduki kwenye mikono yetu. Wakati mwingine nilidhani anatuhesabu vidole kwa wivu.

Aliyechoshwa naye kuliko wote ni mzee wa machela. Huyu ndiye aliyepanga watu kwa vimo, akaamua nani anapokea wapi. Shingo kama kisiki, na begani alikuwa na sugu ngumu kama kwato; ningekuwa na nyundo ningenyooshea misumari juu yake. Alikuwa amebeba wagonjwa tangu kabla sisi wengine hatujazaliwa, na hakupenda kuamrishwa na mtu mwenye koti kavu.

Jumapili moja, masika ikinukia, alimsimamisha mwalimu mbele ya watu pale tunapokutania, kwenye majani chini ya kanisa. Wazee walikuwa wamekaa, sisi tumesimama. Akamuuliza kwa utulivu, na ule utulivu ndio uliotutisha.

"Mwalimu, bega unalo?"

"Ninalo."

"Linaumwa?"

"Haliumwi."

"Kama ni vidole, machela inakaa begani. Huyu fundi hapa goti lake bovu na anabeba. Basi tueleze. Vidole vilikwenda wapi, na kwa nini hubebi? Tueleze tukuonee huruma, yaishe."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona dubu, watu wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilitamani aseme. Nilitamani sana, maana niliona akisimulia barafu na ile mieleka, hata mzee wa machela atalainika. Mwalimu akautazama mkono wake, akautia mfukoni.

"Siwezi kulisema, mzee. Si langu peke yangu."

Kicheko kikakatika. Mzee akazunguka akatutazama mmoja mmoja, akatoa hukumu kwa maneno machache: asiyebeba habebwi, yeye na nyumba yake. Hakuna aliyeguna. Na hakuna ambaye hakugeuza macho kumtafuta mama mwalimu, aliyekuwa amekaa na akina mama, miguu yake imevimba kama mikate. Masika iliyopita tulimpandisha kilima mara mbili. Masika hii sasa nani atampandisha?

Mvua ikaja. Darasani wengine wakaacha kufika, maana kukaa chini ya mtu aliyetengwa ni kama kukaa chini ya mti unaotafutwa na radi. Tukabaki wachache. Mwalimu alifundisha kana kwamba tumejaa, na safari hii aliingia kwenye maneno mengine, mengi, kwa haraka, kama mtu anayefungasha. Vitabu vililetwa na mama wa vitunguu sasa. Mama mwalimu hakuweza tena kupanda. Tukitoka, nilikuwa nasimama kidogo ukingoni nasikiliza bondeni. Nilisikia mvua tu, nashukuru, naondoka.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Yowe likatoka nyumbani kwa mwalimu. Sauti yake mwenyewe, yule mtu asiyepiga kelele.

Yowe la kwetu hujibiwa. Anayelisikia analipokea, jirani analipeleka mbele, mpaka bonde zima linaita. Lile halikujibiwa. Likaja, likapita, likaisha. Nilikuwa nyumbani nafungua gurudumu. Nikasikia mlango wa jirani yangu unafungwa, polepole, kama wa mtu anayeona aibu na komeo lake.

Nikateremka. Njiani nikamkuta fundi na goti lake anachechemea. Mpishi wa misheni, aliyesoma nasi, alikuwa ameshafika. Tukasimama watu watatu kwenye machela ya watu wanne, tukatazamana. Ndipo mama wa vitunguu akatokea, amejifunga kanga mbili kiunoni. Mwanamke habebi machela kwetu, sijapata kuona. Fundi akafungua mdomo.

"Funga," akamwambia. "Gunia nalibeba tangu ujana wangu, na gunia halinishukuru. Shikeni."

Tukainua. Mama mwalimu alikuwa wa bluu midomoni. Alituomba radhi kwa uzito wake, akasema angejua asingekula makande jana. Mwalimu akatangulia mbele kinyumenyume kwenye tope. Tazama mkono wa mwenzako. Aliyechoka aseme. Hatukuwa na wa kupokezana naye, na yeye alijua, lakini alisema vilevile.

Kilima kile kwa watu wengi ni kirefu. Kwa watu wanne kinafika mbinguni. Kila nyumba tuliyopita, watu walikuwa wamesimama uani wamejifunika mablanketi, wanatutazama, hawaendi ndani, hawaji nje. Pumzi ya mama mwalimu ilikuwa inapiga filimbi karibu na sikio langu, halafu ikawa inaruka, inapotea kidogo, inarudi. Kila ikipotea mwalimu aliacha kusema, akasubiri, ikirudi akaendelea. Kwenye kona ya mwamba, penye nyumba ya mzee wa machela, njia inabanwa: mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo. Mikono yangu ilikuwa imeshakufa tangu huko chini. Nilikuwa nimeapa sitasema.

"Mwalimu," nikasema, "nimechoka."

Tukasimama wote. Hakukuwa na mtu mwingine. Mwalimu akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akavua lile koti akalitundika kwenye kichaka. Akaja kwenye pembe yangu, ya upande wa mwamba. Akanyoosha ule mkono wa kulia kuushika mti, kama mtu anayeingiza mkono motoni. Aliufunga, haukufungika. Uso wake, baridi ile yote, ulitiririka jasho.

Mzee wa machela alikuwa getini kwake. Aliuona ule mkono. Sijui alisoma nini pale, mimi sikusoma kitu. Akalisukuma geti akatoka, akalichukua koti kichakani.

"Vaa koti lako, Mwalimu. Kona hii hamuijui nyie."

Akaingiza bega lake chini ya mti badala yangu. Kisha, kwa kuwa lazima aseme kitu, akasema yeye alimtenga mwalimu, hakumtenga mama. Huyu mama ndiye aliyekesha na watoto wake walipougua surua. Kwenye majani alikuwa ametamka yeye na nyumba yake, sote tulisikia, na hakuna aliyemkumbusha. Nyuma yake wakaanza kushuka wale wa kwenye nyua, mmoja, halafu wawili, halafu siwezi kuhesabu. Mama wa vitunguu akapokelewa, akakaa juu ya jiwe akalia kwa hasira. Mwalimu akarudi mbele, kinyumenyume. Sasa alikuwa hasemi. Midomo tu ilikuwa inakwenda.

Gari lilisubiri. Mama mwalimu alilazwa, akarudi na mfuko wa vidonge na amri ya kutokula chumvi, na mpaka leo anailalamikia chumvi kuliko ugonjwa. Kutengwa hakukufutwa na mtu. Kulikauka tu kama tope. Mtihani nikafaulu, fundi akafaulu, mama wa vitunguu akatushinda wote na bado anatukumbusha. Nilisoma karatasi nzima ya Kiingereza mbele na nyuma. Neno bear halikuwemo hata mara moja.

Mwaka huu mwalimu amezeeka, koti limemzidi. Alinipigia simu akaomba nimpeleke Nangwa kuhani msiba. Mzee mmoja amefariki huko, ambako mwalimu alifundisha zamani kabla ya kuja kwetu. Tulikwenda na pikipiki, yeye kanishika kwa mkono wa kushoto, tukateremka mpaka mlima Hanang ukajaa machoni.

Mjane alikuwa amekaa chini, kwenye ngozi, amejitanda kaniki. Mwalimu alipoinama kumpa pole, yule mama hakupokea mkono wa kushoto aliopewa. Aliutafuta wa kulia, akautoa mfukoni yeye mwenyewe kama anayemtoa mtoto ndani, akaushika kwa mikono yake miwili akauweka kwenye paji la uso. Wakakaa hivyo. Watu wakatazama pembeni. Kisha wazee wakamchukua mwalimu kwenda kuona kaburi, na mimi nikabaki pale na kikombe cha chai nilichopewa na mtoto wa marehemu, jitu refu lililoinama kupita mlangoni.

Sikuweza kujizuia. Nikasogea.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama alimjua mwalimu kabla ya kwenda Ulaya, kabla ya yule dubu.

"Dubu gani?"

Nikamsimulia. Barafu, maji ya asubuhi, mieleka mpaka jua likapanda. Nilipunguza ukubwa wa dubu kidogo, kwa ajili ya msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa pindo la kaniki, na sikujua analia au anacheka.

"Mwalimu hajafika Ulaya. Mzigo wa mwisho alioubeba ni mimi," akasema. "Aliyeomba jambo hili lisisemwe tumemzika juzi, kwa hiyo nakwambia. Nilikuwa na uchungu wa huyu aliyekupa chai. Walikuwa wananibeba kwenye machela, usiku, korongoni huko juu, mume wangu na mwalimu wako nyuma. Mume wangu aliteleza, akaachia. Mti ukambana mwalimu mkono kwenye jiwe. Hakuachia."